Kinundu Nyuma ya Sikio

Kazi yangu ilikuwa kuyapa magonjwa namba. Ukiwaeleza watu hivyo wanacheka, na sijawahi kuwalaumu. Nilikuwa karani katika chumba cha mafaili cha hospitali moja ya Dar es Salaam, dirisha langu likitazama jiko la wagonjwa. Kila aliyeruhusiwa kurudi nyumbani, na kila aliyekwenda kule tunakokwenda sote, faili lake lilikuja mezani kwangu. Nilisoma alichoandika daktari, nikafungua kitabu kinene cha Kiingereza kilichotoka ng'ambo, nikatafuta namba ya ugonjwa ule na kuiandika juu ya jalada kwa wino mwekundu. Mwisho wa mwezi namba zilijumlishwa zikapelekwa wizarani. Tuliambiwa ni za kupangia maendeleo. Siku zile kila kitu kilikuwa cha kupangia maendeleo, hata foleni ya sabuni.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mkavu, mwenye kalamu mfukoni za kumtosha mwalimu mkuu asiyeruhusu mtu aziguse. Alinifundisha sheria moja, na aliirudia kama sala. "Ndugu, hapa tunaandika alichoandika daktari. Hatuandiki tunachokijua." Daktari akiandika homa, ni homa, hata kama wewe mwenyewe ulimwona mgonjwa akigongwa na basi. Niliiona sheria nzuri sana, maana inampunguzia mtu mzigo wa kufikiri, na mshahara wetu haukuwa wa kufikiri.

Nilipanga chumba Kariakoo, nyuma ya soko, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo, mjane, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa vile nilifanya kazi hospitali, nyumba nzima iliniita Dakta. Niliulizwa habari za vidonda, hedhi, minyoo na meno. Nikisema mimi naandika namba tu, wanasema, "Haya, tupe namba basi," wanaangua kicheko. Lakini bibi alinipenda. Nilipochelewa kurudi kazini aliniwekea maji ya kuoga, na kadi yangu ya duka la kaya aliipanga foleni pamoja na yake ili nisikose sukari kwa sababu ya kushinda ofisini.

Chumba kilichotazamana na changu walikaa mume na mke vijana kutoka upande wa Lindi. Mume alivuta mkokoteni sokoni. Mke alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye haya za kuudhi, wa kumwomba radhi hata kuku aliyemkanyaga. Aliniita dada, nami nikamwita mdogo wangu, ingawa kwetu ni Songea na hatukuwa na udugu wowote ila ule ukumbi wa hatua chache kati ya mlango na mlango. Alijifungua mtoto wa kike msimu wa vuli. Bibi ndiye aliyemzalisha, akamkanda, akamnywesha uji wa pilipili manga, akakizika kitovu cha mtoto uani. Yule binti hakuwa na mama Dar es Salaam. Alikuwa na sisi.

Baada ya miezi michache akaanza kumfunika mtoto kichwa. Joto la Kariakoo linafahamika, na mtoto amezungushiwa khanga kama anakwenda kwenye baridi ya Lushoto. Bibi alivumilia kwa muda, kisha siku moja akaifunua mwenyewe mbele yetu uani. Kichwa kilikuwa kimekua kuliko mwili. Utosi umetuna, mishipa imejichora kwenye paji, na macho yameshuka chini hata weupe ukabaki juu. Mama yake alitazama sakafu. Mwanamke mmoja akasema, "Astaghfirullah," bibi akamkata kwa jicho.

Mimi niliijua namba yake. Hilo ndilo lililonishtua. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi kwa wino mwekundu, bila kuuliza ugonjwa wenyewe una sura gani. Ni maji, nikawaambia. Kila mtu ana maji kichwani, yanaingia na kutoka; ya huyu yameziba, hayatoki. Kwa mara ya kwanza katika ile nyumba sikuchekwa.

Niliwapeleka hospitali. Kwa bahati, nami sijui neno lingine, alikuwepo daktari wa kigeni aliyekuja kwa muda, mpasuaji wa vichwa, na mirija michache alikuja nayo ndani ya sanduku lake. Mtoto akawekewa mmoja. Unaingia kichwani, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani mpaka tumboni, na yale maji yanamwagikia huko na mwili unayanywa. Kwa nje huoni kitu ila kovu, na nyuma ya sikio kinundu laini, kadiri ya punje ya hindi. Ile ndiyo pampu yake.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwepo. Sista alishika kidole cha yule binti, akakiweka juu ya kile kinundu. "Mama, asubuhi ukishamwogesha, bonyeza hapa taratibu, achia. Mara chache tu, basi. Kazi yake ni kuzuia mrija usizibe. Umenielewa?" Mama akaitikia kwa kichwa. Sista alieleza vizuri, na mpaka leo sina la kumlaumu. Alimpa kazi mtu mmoja. Lakini huyo mtu anaishi katika nyumba ambayo hakuna kitu cha mtu mmoja, si kisu, si ndoo, si kilio.

Kichwa kikapungua. Nani hakukiona? Macho yalipanda juu, mtoto akaanza kutazama watu na kucheka, na alikuwa na kicheko kikubwa kuliko yeye. Mama yake alitupa ile khanga ya kichwani. Alikaa naye barazani mchana kweupe, mpita njia anayetaka kutazama atazame. Nilipotoka kazini nilimkuta mtoto mikononi mwa huyu au yule, na mimi mwenyewe, mwanamke niliyejisemea kwamba watoto ni kelele, nikawa napitia sokoni kumtafutia ndizi mbivu.

Tangu siku ya kwanza nyumba yote ilitaka kuonyeshwa kinundu, na mama aliwaonyesha kwa fahari. Bibi akakibonyeza akasema, "Bismillahi." Basi likawa jambo. Kila aliyempokea mtoto alikibonyeza, kama vile mtu anavyosema mashallah akiona kitoto kinono. Bibi alibonyeza baada ya kila sala. Baba alibonyeza akirudi na mkokoteni, kabla ya kunawa. Mwanamke wa chumba cha mwisho, yule wa astaghfirullah, alibonyeza kuliko wote, maana alikuwa na deni la ulimi wake. Muuza kahawa alipita, akabonyeza. Walifurahi kuhisi kile kitu kikizama na kupanda chini ya kidole. "Kidole kimoja hakivunji chawa," bibi alisema, "tumsaidie mwenzetu."

Ikafika mahali ukimbeba mtoto bila kubonyeza, watu wanakutazama. Kwa nini huyu hataki? Ana nini moyoni? Asiye na kijicho huonekana kwa kutenda jema lililo mbele yake, na jema lilikuwa pale nyuma ya sikio, halina gharama. Mimi nilikuwa naogopa vitu vya kupasuliwa, sikukigusa, na niliambiwa usoni, "Dakta wetu mchoyo." Nikacheka nao. Sikujua lolote kuhusu kubonyeza kwingi au kuchache. Kitabu changu hakikuwa na habari hizo.

Mtoto akaanza kulala sana. Wakasema anakua. Akatapika maziwa, wakasema meno. Kisha utosi, ule uliokuwa umetuna, ukaingia ndani hata ungeweza kuweka maji ya kunywa kuku. Bibi alijua la kufanya kwa utosi uliozama, kama walivyojua mama yake na bibi yake. Aliupaka mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akausomea, akamtaka mama asimlaze chali. Wakati huo huo wote wakaongeza bidii nyuma ya sikio, kwa kuwa mtoto alikuwa mgonjwa na dawa ya kichwa chake ilijulikana. Nilitoka chumbani Jumapili ile nikaona bibi anabonyeza, anampa mwenzake, naye anabonyeza, anampa mwingine. Mtoto alikuwa amelegea, macho nusu. Mama alikuwa amesimama pembeni, mikono imening'inia.

"Mpelekeni hospitali," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayegomba.

Jumapili mchana magari ya watu yalikuwa yamekatazwa barabarani ili kubana mafuta, na basi ungelingoja mpaka uote mizizi. Baba hakusubiri shauri. Alitoa mkokoteni, akatandika gunia, akampandisha mkewe na mtoto, akaanza kuvuta. Mimi nilisukuma kwa nyuma. Mji ulikuwa mtupu, maduka ya Mchafukoge yamefungwa, mwanamke mmoja wa Kihindi anamwagilia mimea kwenye roshani, akaacha maji yakimwagika, akatutazama mpaka tulipopita. Nilisikia magurudumu na pumzi za yule mwanamume, na nilikuwa nimeshika ubao kwa nguvu hata nikachomwa na vibanzi.

Yule mpasuaji wa kigeni alikuwa amekwisha rudi kwao. Tulipokelewa na daktari kijana, mwenzetu, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala tangu juzi. Alimpima mtoto kwa utaratibu, akaweka kidole kwenye utosi, kisha nyuma ya sikio. Akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Maji yametoka mengi mno na kwa haraka. Ubongo umesinyaa ukaachana na fuvu, vijishipa vya katikati vimekatika, damu imevuja. Kisha akamtazama mama.

"Hiki kinundu nani anakibonyeza?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mara ngapi kwa siku?"

Alitazama sakafu kama alivyozoea. "Nyingi," akasema. "Niliona namfanyia vizuri."

Nilifungua mdomo. Chini ya khanga mkono wake ukaukamata mkono wangu, ukaubana kwa nguvu ambazo sikujua kwamba anazo, hata nikafunga mdomo. Nilidhani ni hofu ya daktari. Nikajiambia haidhuru, daktari amepata alichotaka kujua, tiba ni ile ile, abonyeze mmoja au wabonyeze kumi. Daktari alitikisa kichwa, akaandika.

Walimtoa ile damu ya kichwani kwa sindano, wakaufunga mrija kwa uzi ili maji yarudi kidogo, wakamlaza kichwa kikiwa chini kuliko miguu, tukangoja. Nilifanya kazi jengo moja na ile wodi. Nilikuwa napanda ngazi kila nilipopata mwanya, nasimama mlangoni, nashuka. Sijui nilikuwa napanda kufanya nini. Nilijua majina ya Kiingereza ya kila kitu kilichokuwa kikitokea katika kile kitanda, na majina yale hayakunisaidia kitu. Mjinga angalau hutumaini.

Saa ya kutazama wagonjwa nyumba nzima ilikuja, pamoja na uji kwenye chupa ya chai na machungwa waliyoyapigania sokoni. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda kikalia. Akanyoosha mkono, kidole cha shahada mbele, kuelekea sikio la mtoto. Mama akamgeuza mtoto taratibu upande wa pili, akamfunika kwa upande wa khanga. "Daktari kasema apumzike, bibi," akasema, kwa sauti laini sana. Bibi akaurudisha mkono, akampapasa yeye mama badala yake. "Sawa, mwanangu. Tutambonyeza akitoka."

Nilishuka kwenda mezani kwangu, nikashindwa kusoma hata mwandiko wa wazi.

Alifariki Alhamisi mchana, wakati wa kugawa chakula. Akazikwa Kisutu siku ile ile baada ya alasiri. Baba yake alimbeba mwenyewe mikononi, maana hakuwa mzigo. Bibi alifunga mlango wa chumba chake kwa muda, na alipotoka alikuwa amevimba macho, akatandika mikeka ukumbini, akapanga nani apike, nani achote maji, nani alale na mama wa mtoto. Matanga yalikaliwa kana kwamba amekufa mtu mzima. Yule wa astaghfirullah alilia mpaka akashikiliwa. Hakuna aliyekuwa anaigiza. Ningependa mtu anayesoma haya alishike hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe lilikuwa linaniponyoka kila nilipowatazama vidole.

Faili lilifika mezani kwangu. Nilijua litafika, mafaili yote yalifika, lakini nilipoona jina juu ya jalada niliondoka nikaenda kunywa maji, nikarudi, bado lipo. Daktari kijana alikuwa ameandika kwa mkono unaosomeka. Maji kichwani tangu kuzaliwa. Mrija. Damu ndani ya fuvu. Na chini yake: mama alibonyeza pampu kupita kiasi.

Namba ya kwanza ilikuwa nyepesi, nilikuwa naijua kwa moyo. Lakini mtu akifa kwa jambo la kufanyiwa, kitabu kinataka na namba ya pili, inayoeleza lilitokeaje. Kina namba za kuanguka, za moto, za kuzama, za kuumwa na nyoka. Kina za makosa ya wapasuaji. Kina za kuumizwa na mtu kwa makusudi, na za kuumizwa ambako makusudi hayajulikani. Nilipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Wazungu waliokaa mezani wakaandika kile kitabu walikuwa wamefikiri hata mtu wa kupigwa na radi. Hawakuwahi kufikiri ua wa Kariakoo.

Na jambo halikuwa la kitabu tu. Mafaili ya watoto tulikuwa tunayafunga pamoja na ya mama zao. Siku yule binti atakapokuja na mimba nyingine, faili litatolewa, sista atasoma mstari ule, atamtazama. Kila mara, maisha yake yote, katika kila wodi ya uzazi, atakuwa mama aliyemmaliza mwanawe kwa kidole chake. Na haikuwa kweli. Niliona kwa macho yangu kwamba haikuwa kweli.

Nilimpelekea msimamizi. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kwa hasira ambayo sikujua ni ya nani. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake. Kisha akavua miwani.

"Ndugu, pole sana. Lakini tunaandika alichoandika daktari."

"Daktari amedanganywa."

"Basi mwendee daktari. Akikata mstari, nasi tutabadilisha. Sisi hatukuwepo."

"Mimi nilikuwepo!"

"Ulikuwepo kama jirani," akasema. "Hapa umekuja kama karani." Akavaa miwani yake, na sikumpenda kwa miaka miwili baadaye, ingawa hakuniambia neno la uongo.

Nikamwendea daktari kijana. Nilimkuta kwenye ngazi, anakula ndizi akiwa amesimama, chakula chake cha mchana. Alinisikiliza naye. Hakuwa mtu mbaya. Aliacha kutafuna niliposema muuza kahawa. "Nyumba nzima?" akauliza. Nikasema nyumba nzima. Alitazama ganda la ndizi mkononi mwake. "Lakini nifanyeje?" akasema. "Mama mwenyewe alinitamkia. Siwezi kumkata maneno yake kwa maneno ya mpangaji mwenzake. Mlete aniambie vingine, hata kwa dakika moja, nitakata mstari mbele yenu. Mimi pia sipendi kuuona."

Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili nilitembea kama mtu anayekwenda mahali. Kulikuwa na kitu cha kufanya, nacho kilikuwa kidogo, dakika moja tu. Nilipita katikati ya soko bila kuangalia kitu, wauzaji wananiita dada, dada, sikujibu. Nilikuwa napanga maneno. Nilifikiri atalia, atashukuru, kesho asubuhi tutakwenda wote, yataisha.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga. Wanawake walikuwa uani wanasugua masufuria. Nilimkuta chumbani mwake, ameketi kitandani, anakunja nguo za mtoto ambazo bibi alikuwa amezifua. Nilifunga mlango, jambo ambalo katika nyumba ile hufanyi mchana isipokuwa una siri au ugonjwa. Nikamweleza. Nilimweleza kilichoandikwa, namba ya pili, na sista atakayesoma. Nikamwambia daktari yuko tayari.

Aliendelea kukunja. "Dada," akasema, "acha iandikwe mimi."

"Si wewe uliyefanya."

"Najua."

Nilimtazama. Ile haya yake yote haikuwepo usoni.

"Pale daktari aliponiuliza nani anabonyeza, nilijua hapo hapo," akasema. "Kabla hajamaliza. Niliona mikono yote. Na kabla ya siku ile, kuna siku niliona inazidi, nikataka kusema basi. Nimwambie nani basi? Bibi? Yeye ndiye aliyenizalisha. Ukimwambia mtu asimguse mwanao umemwambia ana mkono mbaya. Nilinyamaza." Aliweka ile nguo juu ya nyingine, akainyoosha. "Nikienda kusema kwa daktari, litaandikwa. Likiandikwa litarudi huku. Kila kitu kinarudi huku. Bibi akijua, atakufa. Nisikufiche, mimi sitalia akifa kwa hilo, leo hii siwezi kulia. Lakini wewe utahama, dada. Una kazi ya serikali, utapewa nyumba. Mimi nitazaa tena humu humu. Nani atanipokelea mtoto?"

Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na kitabu chenye kila namna ya kufa. Nilikaa kando yake. Nikachukua kijigauni kimoja nikaanza kukikunja, vibaya, akanipokonya akakikunja upya.

Mlango ukasukumwa. Bibi hakuwa na desturi ya kubisha. Aliingia na sahani ya wali na samaki, akaketi katikati yetu, kitanda kikalia tena.

"Shikamoo, bibi," nikasema, ili niseme kitu.

"Marahaba. Mnajifungia nini?" Akanigeukia. "Dakta, wewe uko huko hospitali. Wamesemaje? Ilikuwa nini hasa?"

Mama wa mtoto akanitangulia.

"Mrija, bibi. Ulikuwa mbovu."

"Nilijua!" Bibi akapiga paja. "Vitu vya kuletewa. Kizima watatuletea wapi!" Akamega tonge, akalitia samaki, akamtazama yule binti kwa macho yaliyojaa maji. "Na sisi tulivyohangaika kubonyeza, mwanangu. Usiku na mchana."

"Mlihangaika, bibi," akasema. "Mungu atawalipa."

Akafungua kinywa, bibi akamlisha.